Jinsi ya Kuomba Idhini ya Kuvuka Hatua za Awali za Mradi wa Kuboresha Utaratibu wa Kazi

Mwongozo huu ni kwa timu za maboresho zilizopo Pemba ambazo zimeshabainisha tatizo lao na kulipima, na sasa zinataka idhini ya kuanza kuchambua sababu zake. Mfano utakaotumika ni wa kituo cha kununulia karafuu, ambapo timu inataka kupunguza muda anaokaa mkulima tangu anaposhusha gunia lake hadi anapokabidhiwa malipo. Anayeshughulikia foleni ya wagonjwa, vibali vya ujenzi au mizigo ya bandarini ataufuata utaratibu huu huu kwa kubadilisha majina ya vitu. Takwimu za mfano zimewekwa kuonyesha njia tu, na hazimhusu mtu wala kituo chochote.

Mradi wa aina hii huwa na hatua tano: kubainisha, kupima, kuchambua, kuboresha na kudhibiti. Mpangilio huo ulienea kutokana na mbinu ya kupunguza kasoro iitwayo Six Sigma, iliyoanzishwa katika kampuni ya Motorola nchini Marekani mwaka 1986, na baina ya hatua moja na nyingine huwekwa lango ambalo timu hailivuki bila ya mapitio. Lango la baada ya kupima ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa sababu kosa lililopita hapo hulipiwa baadaye kwa mizani isiyohitajika, kwa watumishi waliohamishwa bila ya sababu, au kwa programu ya kompyuta ambayo hakuna anayeifungua.

Kabla ya kuandika ombi

Jambo la kwanza ni kumjua anayeombwa. Kila mradi unatakiwa uwe na kiongozi mmoja mwenye mamlaka juu ya kazi inayoboreshwa, ambaye anaweza kuruhusu watu na fedha zitumike. Vitabu vingi humwita mdhamini wa mradi, lakini hapa Pemba neno hilo lina mwenyewe, kwa kuwa Afisa Mdhamini ni cheo cha msimamizi wa wizara kisiwani, na nimewahi kuona barua ikizunguka wiki nzima kwa sababu ya kuchanganya mambo hayo mawili. Kwa hiyo mwongozo huu unatumia neno mlezi wa mradi. Mlezi anaweza kuwa Afisa Mdhamini mwenyewe au mkuu wa kitengo aliye chini yake. Muhimu ni jina lake liwemo katika hati ya mradi na awe ameitia saini.

Baada ya hapo irudieni hati ya mradi, muisome kwa sauti mbele ya timu nzima. Someni hasa sentensi inayoeleza tatizo. Sentensi isemayo kwamba wakulima wanachelewa kwa sababu mizani ni chache haifai, kwani imeshataja sababu kabla ya uchambuzi na imeshanunua mizani kabla ya idhini. Sentensi inayofaa ni kama hii: katika wiki 3 za mwanzo wa ununuzi, nusu ya wakulima walikaa kituoni zaidi ya saa 3 na dakika 10, ilhali lengo la kituo ni saa 1 na nusu. Hapo pana nani, wapi, lini na kiasi gani, na hakuna anayelaumiwa.

Mipaka ya mradi nayo iangaliwe upya, maana mipaka iliyoonekana wazi siku ya kwanza huanza kuvuja mnapopima. Mkulima ambaye karafuu zake zimekutwa hazijakauka sawasawa, akaambiwa akazianike tena, kisha akarudi baada ya siku mbili, muda wake unahesabiwa vipi? Mkiuhesabu wote, siku mbili za jua zitameza dakika zote za foleni. Mkiuacha, mtakuwa mmemfuta katika hesabu yule aliyesumbuka kuliko wenzake. Binafsi naona marejesho yahesabiwe peke yake, kama kipimo cha pili, lakini jopo linalopitia ombi kwenye lango litaridhika na uamuzi wowote ulioandikwa kabla ya kukusanya takwimu. Uamuzi uliofanywa baada ya kuyaona matokeo hautaaminiwa, na ni haki usiaminiwe.

Kisha mfuate mkulima mmoja kwa miguu, meza kwa meza, mkiwa na saa na karatasi. Msiuchore mtiririko wa kazi mkiwa ofisini kwa kukumbuka. Aliyesimama kwenye meza ya ukaguzi atamwona mkaguzi akitia mkono hadi chini ya gunia, akichota karafuu chache na kuzivunja kwa kidole gumba ili asikie kama zinakatika kwa mlio au zinapinda, na ataona pia kwamba wakati mkaguzi anaitwa kwenda kuamua mzozo wa daraja la ubora, wanaosubiri nyuma hawasogei hata kama mizani ipo wazi. Kusubiri huko hakumo katika mchoro rasmi wa kazi. Kiwekeni kila kituo cha kusubiri katika mchoro wenu, hata kisipokuwa na jina.

Takwimu zinaaminika?

Hapa ndipo maombi mengi yanaporejeshwa, na hapa ndipo muombaji anatakiwa kutumia muda wake mwingi. Jopo halitaanza kwa kuuliza matokeo. Litauliza yamepatikana vipi.

Anzeni na saa. Mimi mwenyewe nilishiriki katika mradi wa ofisi moja ambapo daftari la mapokezi lilionyesha kwamba watu wanakaa zaidi ya saa 7 kwa huduma ambayo kila mmoja wetu alijua haizidi saa 2. Tuliandika ripoti, tukachora na chati. Mjumbe mmoja mzee wa jopo akaliomba daftari lenyewe, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: kuingia 2:15, kutoka 9:40. Karani wa mlangoni alikuwa akiandika saa ya Kiswahili, yaani saa mbili na robo asubuhi, na karani wa dirisha la mwisho alikuwa akinakili saa ya simu yake, ambayo kwa Kiswahili ni saa tatu na dakika arobaini. Mtu yule alikaa saa 1 na dakika 25. Sisi tulimhesabia saa 7 na dakika 25, na tulikuwa na kurasa nyingi za namna hiyo. Tabu zaidi ni kwamba takwimu hizo hazikuweza kuokolewa, kwa kuwa palipoandikwa 8:15 hapakuwa na njia ya kujua kama ni asubuhi kwa saa ya simu au ni mchana kwa saa ya Kiswahili. Tulianza upya.

Kwa hiyo kabla ya kuomba idhini, hakikisheni kuwa fomu inaeleza ni saa ya aina gani, kwamba meza zote zinasoma saa moja iliyolinganishwa kila asubuhi, na kwamba mtu mwingine amezihakiki fomu chache kwa kusimama pembeni na kuandika muda wake mwenyewe. Fomu hizo za uhakiki ziambatishwe kwenye ombi.

Pale ambapo kipimo ni uamuzi wa mtu, kama vile daraja la karafuu, saa haisaidii, na badala yake unatakiwa mtihani wa kukubaliana. Chukueni sampuli 30 zilizochanganyika, zile nzuri, za wastani na zenye mpeta (karafuu zilizoharibika) ndani yake, mziandike namba chini ya sahani, kisha wakaguzi wawili wazipangie daraja bila ya kuonana, na kesho yake wazipange tena zikiwa zimevurugwa. Mkaguzi asiyekubaliana na uamuzi wake mwenyewe wa jana ana tatizo tofauti na wakaguzi wawili wasiokubaliana wao kwa wao, na jopo litataka kuyaona yote mawili.

Matokeo yasiandikwe kwa asilimia peke yake. Tuseme wakaguzi wamekubaliana katika sampuli 24 kati ya 30, sawa na asilimia 80. Inapendeza, lakini hata watu wawili wanaobahatisha wangekubaliana mara kadhaa. Ikiwa kwa bahati tupu wangefikia asilimia 40, basi ziada waliyoipata ni 40 kati ya 60 iliyowezekana, na kipimo chao cha kappa, yaani cha makubaliano yaliyozidi bahati, ni 0.67. Kiwango kinachokubalika kwa kawaida katika miradi hii ni 0.7 na kuendelea. Timu hiyo haijafeli vibaya, ila inatakiwa ikae na wakaguzi, ikubaliane nao mipaka ya madaraja na kurudia mtihani. Kwa vipimo vya namba kama uzito, kanuni ya kawaida ni kwamba mtawanyiko unaotokana na upimaji wenyewe ukiwa chini ya asilimia 10 ya mtawanyiko wote unakubalika, ukiwa baina ya 10 na 30 unajadiliwa, na ukizidi 30 kipimo kinakataliwa.

Suala la msimu pia haliepukiki. Mkarafuu ukizaa sana mwaka mmoja huweza kuzaa kidogo sana mwaka unaofuata, kwa hiyo takwimu zilizokusanywa katika mwaka wa mavuno haba zitaonyesha kituo kitulivu kisicho na tatizo, na mwaka wa neema zitaonyesha kinyume chake. Andikeni wazi mmepima wakati gani wa msimu, na kama siku zenu ziliangukia ndani ya Ramadhani, ambapo mwenendo mzima wa siku hubadilika, zitengeni. Muda wa kila siku uchorwe kwa mfuatano wa tarehe, kwa njia aliyoianzisha Walter Shewhart mwaka 1924 ya kuweka mipaka ya juu na ya chini ili kutenganisha mtikisiko wa kawaida na jambo geni. Karibu na wastani iwekwe namba ya katikati, yaani ile inayoangukia kati mkipanga muda wote kutoka mdogo hadi mkubwa, kwa sababu mkulima mmoja aliyelala kituoni anaweza kuuvuta wastani wa siku nzima.

Kuandika na kuwasilisha ombi

Barua isizidi ukurasa mmoja. Iandikwe kwa mlezi wa mradi, ipite kwa mkuu wa kituo, iwe na kumbukumbu namba na tarehe, na kichwa chake kiseme kinachoombwa: KUH: OMBI LA IDHINI YA KUINGIA HATUA YA UCHAMBUZI. Aya ya kwanza itaje mradi na tarehe ya hati yake. Ya pili ieleze tatizo kwa sentensi ile ile iliyomo katika hati, na kama imebadilika ieleze imebadilika vipi. Ya tatu itoe hali ya sasa kwa namba na itamke jinsi kipimo kilivyothibitishwa. Ya nne iombe, kwa kutaja watu, siku na fedha zitakazohitajika katika hatua inayofuata tu. Msiombe fedha za suluhisho. Viambatisho ni hati ya mradi, mchoro wa mtiririko, fomu za takwimu pamoja na za uhakiki, matokeo ya mtihani wa wakaguzi, na orodha ya mambo ambayo timu bado haina uhakika nayo.

Kiambatisho hicho cha mwisho huogopwa bure. Jopo linaloona udhaifu umetajwa na wenyewe husoma kurasa nyingine kwa utulivu zaidi.

Viambatisho viwafikie wajumbe siku tano za kazi kabla ya kikao, na kama kuna mjumbe wa Unguja mpelekeeni mapema zaidi; kumkabidhi faili asubuhi aliyoteremka kwenye boti Mkoani ni kumwomba atie saini asichokisoma.

Siku ya kikao

Wasilisho la dakika 20 linatosha. Mkuu wa kituo na angalau mmoja wa watu wanaoifanya kazi hiyo kila siku, kwa mfano huu mkaguzi au mpimaji, wawepo ndani ya chumba, na mwenyekiti awape nafasi ya kusema kabla ya wakubwa, kwani bosi akishasema, wa chini huitikia tu. Mtu akianza kupendekeza dawa ya tatizo, katibu aiandike pembeni na kikao kiendelee. Maswali ya kutarajia ni kama tatizo bado ni lile lile, kama bado lina thamani ya kushughulikiwa, kama namba zinaaminika, na kama timu ina muda wa kuendelea huku ikifanya kazi zake za kawaida. Swali hili la mwisho lijibiwe kwa ratiba ya saa za kila mjumbe, maana neno inshallah peke yake halijazi ratiba.

Jopo linaweza kutoa uamuzi wa aina nne: kuvuka, kuvuka kwa masharti, kurudi kukamilisha, au kusimamisha mradi. Uamuzi uandikwe siku hiyo hiyo na kutiwa saini na mlezi. Masharti yawe na jina la mhusika na tarehe. Sharti lisilo na tarehe lifafanulieni papo hapo kabla watu hawajatawanyika. Mkirejeshwa, ombi la pili halihitaji barua mpya yenye maelezo yote: inatosha kurejea kumbukumbu namba ya kwanza, kutaja kila hoja iliyotolewa na kuonyesha ilivyotekelezwa. Mradi ukisimamishwa kwa kuwa vipimo vimeonyesha tatizo ni dogo kuliko ilivyodhaniwa, hati yake ifungwe rasmi na fomu zote zihifadhiwe kituoni, kwa sababu msimu mkubwa ukija timu nyingine itazihitaji kulinganishia.