Gereji imenimalizia mbegu ya magimbi, nyie msirudie

Wabongo na majirani zetu mlioko Minnesota na majimbo mengine ya baridi, naandika hii bado nina hasira. Oktoba iliyopita nililala nikiwa na shamba, kile kipande changu cha kukodi hapa Minneapolis, marando yametambaa mpaka njiani, asubuhi nakuta kila kitu cheusi kama kimechemshwa. Na simu ilinionya jioni yake, iliandika 28, ila mimi mgeni kichwa changu kikasoma 28 ya Dar. Hiyo ni Farenhaiti jamani! Maji hapa yanaganda kwenye 32.

Ila sakitu, ile baridi ya usiku inayogandisha majani, sio iliyonimaliza. Udongo ulikuwa bado na joto la kiangazi, huko chini viazi na magimbi vilikuwa vizima kabisa. Unakata marando siku hiyohiyo maana uozo unashuka na shina, unachimba kwa uma wa shambani taratibu usivichubue, unakung'uta udongo, huoshi. Basi, hiyo kazi mnaijua toka utotoni.

Balaa ni pa kuweka. Nikampigia mama yangu kule Tukuyu, akasema mwanangu si uyaache tu ardhini uchimbe siku ukitaka kula, mbona na huku kuna baridi. Mama nakupenda, ila baridi ya Tukuyu ni ya sweta, hapa udongo unaganda karibu mita nzima kwenda chini. Shangazi naye akasema tia kwenye friji. Nikaona nitumie akili, viazi vitamu nusu friji, nusu gereji, na magimbi yote ya mbegu gereji ndani ya mifuko ya plastiki. Akili gani sasa.

Januari nafungua mfuko, nashika gimbi, kidole kikazama mpaka kifundo, maji ya kahawia yakanitiririkia kwenye kiganja na harufu kama pombe iliyochacha. Gereji isiyo na hita ni nje tu yenye mlango. Narudia, gereji ni nje! Vya friji ndio vilinidanganya zaidi, kwa nje vizuri, nikachemsha saa nzima, katikati vigumu kama mbao. Kiazi kitamu kikikaa chini ya nyuzi 10 za kwetu, yaani Selsiasi, kinaharibika kwa ndani bila kukuonyesha. Usiweke friji hata akikwambia nani.

Kinachofaa ni hivi: viazi vitamu viponye vidonda kwanza, wiki moja kwenye joto la nyuzi 29 hivi (za kwetu pia) na unyevu, mimi msimu ujao nitafanyia bafuni na hita ndogo, ndoo ya maji pembeni (hita iwe mbali na maji, msije mkafa mkasema ni mimi), halafu besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba, penye nyuzi 13 mpaka 15, kwenye boksi, gizani. Magimbi yakaushe kidogo, yafukie kwenye maranda makavu, joto hilohilo. Plastiki hapana. Kila mwezi kagua, lililolainika toa kabla halijaambukiza wenzake.

Halafu hawa wenyeji. Mzee jirani yangu alikuwa kila siku ananisalimia kwa habari za hali ya hewa, leo upepo, kesho baridi, nikawa najiuliza hawa watu hawana watoto wa kuulizana hali zao? Hata ile jioni alinipungia mkono akasema usiku wa leo funika mimea, nikaitikia sawasawa nikapita zangu. Kumbe huku hiyo ndio salamu yenyewe, anayekutakia mema anakwambia baridi inakuja, ila hatakufuata mlangoni kukusisitizia kama jirani wa kwetu.

Magimbi matatu yalipona, niliyasahau jikoni. Yako chini ya kitanda kwenye boksi la viatu, wife analalamika chumba kinanuka udongo, ila mpaka mwisho wa Mei hayatoki.