Kabla Hujabeba Mimba, Uliza Kwenu Nani Aliwahi Kuugua Akili

Vidonge vya foliki anza kumeza kabla ya mimba, usingoje kliniki. Chakula usikichezee: njaa ilipoikumba Uholanzi mwaka 1944 na 1945, watoto waliotungwa mimba katikati ya njaa ile walikuja kuugua skizofrenia, ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, karibu mara mbili ya wenzao. Jifungulie hospitali, maana mtoto akikosa hewa wakati wa kuzaliwa ubongo huumia. Haya umeshayasikia, nayapita.

Lipo ambalo watu hawaligusi. Kaa na wazee wa pande zote mbili uwahoji. Usiulize kama kwenu kuna kichaa, utajibiwa hakuna. Uliza nani aliwahi kulazwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, nani alijinyonga, nani alijifungua akawa hamtaki mtoto.

Wifi yangu aliulizwa kliniki akasema kwao hakuna, na ndivyo alivyojua. Alijifungua salama. Siku ya tatu tukaona hapati usingizi: mtoto kalala, yeye usiku wa manane anafagia uwanja huku anaongea mfululizo. Tukasema ni furaha. Kisha akaanza kudai mtoto kabadilishwa, akakataa kumnyonyesha. Huyu akasema jini, yule akasema kijicho. Mganga akaitwa, kuku akachinjwa, siku zikapita. Mama yake mzazi, aliyekuja kumwangalia, muda wote kimya. Mpaka usiku alipomkuta binti yake kisimani na mtoto mkononi ndipo akasema: na yeye, alipomzaa huyuhuyu, alilazwa Mirembe, na mumewe alimwapisha asimwambie mtu. Hatukungoja kuche. Wifi alitibiwa akapona, na mtoto sasa yuko shule.

Ugonjwa huo wa akili baada ya kujifungua huitwa saikosisi ya uzazi, na huwapata mama mmoja au wawili katika kila 1,000 wanaojifungua. Lakini kama mama au dada yako aliipata, au wewe mwenyewe una bipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, hatari hupanda sana. Ni dharura ileile ya mzazi anayetoka damu nyingi. Ikijulikana mapema muuguzi anaandika kwenye kadi, na nyumbani mnapanga nani atashika zamu ya usiku ili mama apate usingizi.

Wala msitishane kuvunja uchumba. Mzazi mmoja akiwa na skizofrenia, watoto wake wapatao 10 katika 100 ndio huugua. Kwa watu wengine ni kama 1 katika 100. Hesabu mwenyewe wanaosalimika.

Kama tayari unatumia dawa, usiziache ghafla eti kwa sababu una mimba. Muone daktari kabla ya kuitafuta, hasa ukiwa unameza valproeti, dawa ya kifafa na bipola, kwani inaweza kuharibu uti wa mgongo wa mtoto tumboni. Akishazaliwa, vipigo na matusi ya kila siku navyo humwongezea hatari ya kuugua akili. Akibalehe mwangalie na bangi, maana kwa kijana wa ukoo wenye skizofrenia bangi si mchezo wa vijana. Pombe pia. Na akianza kujifungia chumbani, hapati usingizi, anaacha shule bila sababu, msianze na mganga.