Jinsi ya kusikiliza riwaya safarini bila kupotea

Mi riwaya za sauti nasikiliza kwenye basi la Tanga kwenda Korogwe, na ushauri wa kwanza, usianze na yenye majina mengi, utachanganyikiwa hata Muheza hujafika. Sikiliza dakika 10 za mwanzo, sauti ya msomaji ikikukera achana nayo, hata hadithi iwe tamu vipi. Kasi iache ya kawaida (nilishawahi kuikimbiza, nikarudia sura nzima). Ila Peponi, riwaya ya mwandishi Abdulrazak Gurnah, ile aliyoitafsiri Ida Hadjivayanis kwa Kiswahili, hiyo shika kitabu chenyewe, soma taratibu barazani jioni na kahawa yako. Ukimaliza andika siku hiyohiyo mistari miwili, nani kakuudhi, wapi ulichoka, maana ukingoja wiki utabaki kusema "kizuri" tu.