Somo: Kusoma Bei ya Mashine ya Poka Kabla ya Kuweka Dau

Karibu mashine zote za kasino humficha mchezaji bei ya mchezo, yaani wastani wa kiasi atakachopoteza kwa madau anayoweka. Mashine ya matunda na picha humwonyesha atalipwa kiasi gani picha tatu zikilingana, lakini haimwambii picha hizo hulingana mara ngapi, na bila kuyajua mambo yote mawili hawezi kukokotoa chochote. Poka ya mashine haiko hivyo. Mashine hugawa karata kutoka seti ya karata 52, na katika jimbo la Nevada nchini Marekani kanuni za serikali zinataka mashine inayoonyesha karata iwe na uwezekano uleule wa karata halisi zinazochanganywa mezani. Mikono ya karata tano inayoweza kugawiwa ni 2,598,960, malipo ya kila aina ya mkono yameandikwa kwenye kioo, na kwa hiyo wanahisabati wamekwisha kukokotoa marejesho, yaani asilimia ya madau inayorudi kwa mchezaji, ya kila jedwali la malipo. Kazi ya mchezaji ni kulitambua jedwali lililo mbele yake.

Tutatumia mchezo wa Jacks or Better kama unavyochezwa Las Vegas, kwa kuwa ndio mama wa michezo mingine ya aina hii. Kampuni ya Si Redd, ambayo leo tunaifahamu kwa jina la IGT, ndiyo iliyoueneza mchezo huu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Unapewa karata tano, unachagua za kushika, unabadilishiwa zilizobaki mara moja tu, kisha unalipwa kulingana na mkono uliopatikana. Malipo huanzia jozi ya Jeki (J), Malkia (Q), Mfalme (K) au Ree (A).

Hatua ya kwanza: soma mistari miwili ya jedwali

Jedwali kamili hulipa hivi kwa kila sarafu moja ya dau: jozi ya Jeki kwenda juu hulipa 1, jozi mbili 2, karata tatu za namba moja (kwa mfano 7 tatu) 3, straiti (karata tano zinazofuatana) 4, flashi (karata tano za ua moja, kwa mfano zote kopa) 6, fulihausi (tatu za namba moja pamoja na jozi) 9, karata nne za namba moja 25, straiti ya ua moja 50, na roya, yaani 10, J, Q, K na A za ua moja, 800.

Kasino ikitaka kupandisha bei, kwa kawaida haigusi roya wala karata nne, kwa sababu hayo ndiyo mambo yanayovuta macho ya wapita njia. Hupunguza fulihausi na flashi. Ndiyo maana wachezaji huzitaja mashine kwa namba mbili tu: 9/6, 8/5, 7/5, 6/5. Fulihausi hutokea takriban mara moja katika mikono 87 na flashi mara moja katika mikono 91, kwa hiyo kila sarafu moja inayoondolewa katika mmojawapo wa mistari hiyo humpunguzia mchezaji asilimia 1.1 hivi. Mtu anayecheza bila kosa hurudishiwa asilimia 99.54 ya madau yake kwenye mashine ya 9/6, asilimia 97.30 kwenye ya 8/5, na asilimia 95.00 kwenye ya 6/5.

Tofauti hiyo huonekana ndogo hadi uigeuze kuwa fedha. Chukua mashine ya senti 25, ambako dau la sarafu tano ni dola 1.25, na mchezaji wa kasi ya wastani anayemaliza mikono 600 kwa saa. Ameweka madau ya dola 750 katika saa hiyo, ingawa mfukoni huenda alikuwa na dola 100 tu, kwa sababu anachoshinda hukirudisha mchezoni. Kwenye 9/6 saa hiyo inamgharimu wastani wa dola 3.45, kwenye 8/5 dola 20.25; kwenye 6/5 dola 37.50. Mashine zote tatu zinaweza kuwa chini ya paa moja, zenye rangi zilezile na muziki uleule. Hakuna ujuzi wa kushika karata unaoweza kufidia jedwali baya, na ndiyo maana hatua hii inatangulia nyingine zote.

Hatua ya pili: weka sarafu zote tano

Roya hulipa 250 kwa kila sarafu ukiweka moja hadi nne, lakini ukiweka tano hulipa sarafu 4,000, yaani 800 kwa kila moja. Mistari mingine haibadiliki. Asiyeweka tano amejiondolea zaidi ya asilimia moja ya marejesho yake bila kupata chochote badala yake.

Hatua ya tatu: jua karata za kushika

Hapa ndipo penye kazi. Kila mkono una njia 32 za kuushika, na njia iliyo bora ni ile yenye malipo makubwa ya wastani ukizizingatia karata 47 ambazo hujaziona. Huhitaji kukokotoa kila mara. Fuata mpangilio ufuatao kuanzia juu, ukishika kitu cha kwanza kinachopatikana mkononi mwako.

Roya, straiti ya ua moja na karata nne za namba moja hazivunjwi. Zinafuatwa na karata nne za roya, kisha karata tatu za namba moja pamoja na straiti, flashi na fulihausi zilizokamilika. Halafu karata nne za straiti ya ua moja, jozi mbili, jozi kubwa (J hadi A), karata tatu za roya, karata nne za flashi, jozi ndogo, na karata nne za straiti iliyo wazi pande zote mbili. Chini yake ziko karata kubwa mbili za ua moja, karata tatu za straiti ya ua moja, karata kubwa mbili za maua tofauti (zikiwa zaidi ya mbili, shika mbili zilizo ndogo), 10 pamoja na J, Q au K ya ua lake, na mwisho karata kubwa moja. Ukikosa vyote, tupa karata zote tano.

Mpangilio huu ni mfupi kuliko ule wa wataalamu, lakini unampa mchezaji takriban asilimia 99.46 kwenye 9/6, na ninauona kuwa mahali pazuri pa kuanzia kuliko kujaza kichwa vighairi ambavyo thamani yake ni sehemu ya senti.

Wengi hukataa kuamini kwamba flashi iliyokamilika huvunjwa ikiwa na karata nne za roya ndani yake. Tuseme umepewa A, K, Q, J na 4, zote za kopa. Flashi hiyo inalipa 6. Ukiitupa 4, miongoni mwa karata 47 zilizobaki iko 10 ya kopa inayolipa 800. Ziko kopa nyingine saba za kukurudishia flashi, jumla 42. Ziko 10 tatu za maua mengine za kukamilisha straiti, jumla 12. Na ziko karata 12 za kukupa jozi kubwa, jumla 12. Ukigawanya 866 kwa 47 unapata zaidi ya 18.4, ambayo ni mara tatu ya flashi uliyokuwa nayo. Mara nyingi utaambulia patupu, na bado uamuzi utakuwa sahihi.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini straiti yenye pengo katikati, isiyo na karata kubwa, haishikwi. Ni karata nne tu katika 47 zinazoikamilisha: nne mara nne ni 16, gawanya kwa 47, unapata 0.34, wakati kutupa karata zote tano kuna thamani ya wastani ya 0.36 hivi. Vilevile usishike Ree pembeni ya jozi kwa matumaini ya jozi mbili, kwani unaipunguzia jozi nafasi ya kuwa tatu au nne.

Hatua ya nne: tafuta kinachoongezwa juu ya jedwali

Kadi ya uanachama ya kasino hurudisha sehemu ndogo ya madau. Ikirudisha robo ya asilimia, mashine ya 9/6 inapanda kutoka 99.54 hadi 99.79, na siku ambazo kasino inazidisha pointi huenda ikavuka 100. Njia nyingine ni mashine ambazo zawadi yake ya roya inakua kadiri watu wanavyocheza: kwenye 9/6, roya ikifika karibu sarafu 4,900, ambazo ni takriban dola 1,220 kwa mashine ya senti 25, mchezo unakuwa sawa kwa sawa. Uanachama usikufanye uifuate mashine ya 6/5, kwa maana robo ya asilimia haiwezi kufuta hasara ya asilimia tano.

Hatua ya tano: pima mfuko dhidi ya roya

Roya huja wastani wa mara moja katika mikono 40,400 hivi, sawa na saa 67 kwa kasi tuliyoitaja, nayo peke yake inabeba karibu asilimia 2 ya marejesho. Asiyeipata anacheza mchezo wa asilimia 97.5 na kupoteza dola 18 kwa saa, hata kama hakosei kamwe. Kwa hiyo ile dola 3.45 ni wastani wa safari ndefu, na mwenye fedha za jioni moja tu asiitegemee kama ahadi.

Maswali ya wanachama

Mwanachama kutoka Dar es Salaam: Shikamoo mwalimu. Je, mbinu hizi zinafaa kwenye mashine za dubwi za mitaani kwetu?

Marahaba. Hazifai. Mashine hizo hazigawi karata, na uwezekano wa kila picha kutokea haujaandikwa popote unapoweza kuuona. Pasipo na uamuzi wa mchezaji na pasipo na bei inayosomeka, hakuna mbinu ya kufundisha.

Mwanachama kutoka Nairobi: Mashine ikikaa muda mrefu bila kutoa roya, si ina maana imekaribia?

Hapana, ndugu yangu. Karata huchanganywa upya kila mkono na mashine haikumbuki iliyopita. Baada ya mikono 100,000 bila roya, bado mkono unaofuata una nafasi ileile ya moja kwa 40,400.

Mwanachama anayeishi Houston: Nimesoma kwamba kuna mashine zinazorudisha zaidi ya asilimia 100. Kwa nini mtu asiifanye kuwa ajira?

Zipo kweli, dada. Deuces Wild (poka ya mashine ambayo kila 2 husimama badala ya karata yoyote) yenye jedwali kamili, ile inayolipa 5 kwa karata nne za namba moja, hurudisha asilimia 100.76, lakini zimebaki chache sana na kwa kawaida ni za madau madogo. Kwa madau ya dola 750 kwa saa, faida yake ni dola 5.70, tena kwa mtu asiyekosea na mwenye akiba ya kuvuka vipindi virefu vya hasara. Ninakuomba sana usiguse fedha za kodi ya nyumba kwa ajili ya faida ya namna hiyo.

Mwanachama kutoka Arusha: Nikiwa mgeni huko Marekani nikashinda roya ya dola 4,000 kwenye mashine ya dola moja, nitaondoka nayo yote?

Mgeni asiye mkazi hukatwa kodi ya asilimia 30 ya ushindi wa mashine, isipokuwa nchi yake iwe na mkataba wa kodi unaomwondolea, na Tanzania haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani. Utabaki na dola 2,800. Maana yake roya yako ni 560 kwa kila sarafu, wala si 800, na mashine ya 9/6 kwako inashuka hadi karibu asilimia 98.9.

Mwanachama kutoka Mombasa: Nimegawiwa 7 ya kopa, 7 ya pau, K, 4 na 2 za kopa. Nilishika jozi ya 7. Je, nilipatia?

Kopa nne ndizo za kushika. Ziko kopa tisa zilizobaki za kulipa 6, jumla 54, na K tatu za kulipa 1 kila moja. 57 kwa 47 ni 1.21. Jozi ya 7 ina thamani ya 0.82. Lakini jozi hiyo ingekuwa ya K, ungeishika na kuziacha kopa, kwa sababu jozi kubwa ina thamani ya 1.54.