Umetengeneza gemu? Mpe mtu simu halafu unyamaze

Kwanza itoe gemu yako watu waijaribu ikiwa bado mbichi. Najua inauma kuonyesha kitu hakijaiva, ila ukisubiri mpaka iishe yote kubomoa inakuwa gharama, kama nyumba ushapaua ndo unaambiwa choo kimekaa vibaya. Hata watengenezaji wakubwa wanafanya hivyo, gemu ya Baldur's Gate 3 ilianza kuuzwa Oktoba 2020 ikiwa na sehemu ya kwanza tu ya stori, watu wakacheza wakalalamika, walioitengeneza wakarekebisha weee mpaka Agosti 2023 ndo ikatoka kamili.

Sasa wewe hapa Dodoma huna maelfu ya wachezaji ila vijiwe vipo. Mimi gemu yangu ni ya bodaboda anabeba kreti za zabibu toka Jamatini kwenda chuo cha UDOM, nikaipeleka kwa madogo wa boda Area C mchana wakiwa hawana abiria. Usianze na washkaji zako wa kozi, hao watakusifia tu. Mtu acheze kwenye simu yake mwenyewe, sio ya kwako yenye RAM kubwa, wewe kaa pembeni UNYAMAZE. Hapa ndo pagumu, mdomo utakuwasha useme "bonyeza hapo kaka", usiseme, maana siku mtu akiipakua yuko Kondoa au Mpwapwa hutakuwepo kumwelekeza.

Angalia vidole vyake. Dogo wa kwanza alikufa mara sita kwenye shimo lile lile, akaniambia punguza mashimo gemu ngumu. Ningemsikiliza ningeyafuta kweli. Ila nilikuwa naangalia mkono wake, dole gumba likiwa kwenye kitufe cha breki linaziba shimo lenyewe, halafu jua la saa saba lile linapiga kwenye kioo, barabara na shimo vyote anaviona rangi moja. Mashimo sikuyafuta, nilishusha vitufe chini kabisa na shimo nikalitia weusi, waliofuata wakapita. Kwa hiyo mchezaji akikuonyesha panapouma mwamini, akikutajia dawa chunguza kwanza.

Andika kwenye daftari hapo hapo amefia wapi, amecheka wapi, ameweka simu chini saa ngapi. Akikwama mmoja subiri, wakikwama watatu sehemu moja rekebisha usiku huo huo. Na usiulize "umeipenda?" maana mtu kwa heshima atakwambia iko poa, uliza "pale ulikuwa unataka kufanya nini?" utashangaa majibu.

Ukisharekebisha jaribu kwa watu wapya, wa mwanzo washazoea, ila hao wa mwanzo nao warudie uwaonyeshe walichobadilisha, wanafurahi sana na wanaanza kukupa vitu vya maana. Yule dogo wa shimo nilimrudia Ijumaa, akapita, akasema mbona hakuna abiria anayegombana na dereva kuhusu nauli akishafika. Ndo naiweka wiki hii.