Somo: SAT au ACT? Acha saa ikuamulie

Habari zenu wanachama. Swali hili limeulizwa mara nyingi: anayeomba chuo Marekani afanye SAT au ACT? Kwanza tuondoe hofu moja. Vyuo vya kule vinavyopokea alama za mitihani hii vinapokea wowote kati ya hii miwili, wala havipendelei mmoja. Kwa hiyo usihangaike kujua chuo kinapenda upi. Tafuta upi unakupa wewe alama nzuri zaidi.

Hatua ya 1: Pitia orodha ya vyuo vyako. Chuo Kikuu cha California, kampasi zake zote, hakitazami alama hizi kabisa katika udahili. MIT ilirudisha sharti la mtihani mwaka 2022, na Harvard na Caltech zikatangaza kurudisha mwaka 2024. Vingine vingi vimeuacha uwe hiari. Kama hakuna chuo hata kimoja kwenye orodha yako kinachozitazama, ishia hapa, kaandike insha yako.

Hatua ya 2: Ijue mitihani ilivyo sasa. Ushauri mwingi unaozunguka ni wa mitihani iliyokwisha kubadilishwa.

SAT sasa inafanyika kwenye kompyuta, saa 2 na dakika 14. Kusoma na kuandika ni maswali 54 kwa dakika 64, hesabu ni 44 kwa dakika 70. Kila sehemu ina moduli mbili, na ya pili hupangwa kulingana na ulivyofanya ya kwanza. Ukiboronga ya kwanza utapewa ya pili iliyo nyepesi, na hapo alama za juu kabisa huzifikii tena. Vifungu ni vifupi, kila kimoja na swali lake. Alama ni 400 hadi 1600.

ACT ilipunguzwa mwaka 2025: Kiingereza maswali 50 kwa dakika 35, hesabu 45 kwa dakika 50, kusoma 36 kwa dakika 40. Sayansi imekuwa hiari. Vifungu ni virefu, maswali yake yanafuatana. Alama ni 1 hadi 36, wastani wa sehemu hizo tatu.

Piga hesabu mwenyewe: swali la Kiingereza la ACT lina sekunde 42, la kusoma na kuandika la SAT lina kama 71. Tena, hesabu ni nusu ya alama za SAT, kwenye ACT ni theluthi.

Hatua ya 3: Fanya yote miwili kwa majaribio. Hapa ndipo wengi wanaporuka. Wanafanya maswali kumi ya huu, kumi ya ule, wakiwa wamejilaza kitandani, halafu wanasema "ACT imenikubali". Hapana. Chukua Jumamosi mbili tofauti, asubuhi, simu iwe chumba kingine, saa iwe inahesabu. Majaribio kamili ya SAT yamo bure ndani ya programu ya Bluebook, na ACT nao wanayo ya bure kwenye tovuti yao.

Ukimaliza, usikimbilie alama. Chukua karatasi, pitia kila ulilokosa, andika M kama muda ulikuishia au ulikisia kwa haraka, andika U kama hukujua. Niliwahi kumshauri kijana mmoja achague ACT kwa sababu hesabu zilikuwa zinampiga chenga. Karatasi yake ya ACT ilirudi imejaa M toka juu hadi chini. Kumbe tatizo lake lilikuwa kasi, na mimi nilikuwa nimempeleka kwenye mtihani wenye kasi zaidi. Ukiona M nyingi ACT, elekea SAT. U zinafundishika, ziwe za mtihani wowote.

Hatua ya 4: Linganisha kwa jedwali. College Board, wenye SAT, na ACT walitoa jedwali la pamoja la kulinganisha alama mwaka 2018. ACT 24 iko karibu na SAT 1180, 27 karibu na 1280, 30 karibu na 1370. Ukipata ACT 27 na SAT 1180, jibu liko wazi. Zikikaribiana sana, chagua ule uliomaliza bado una nguvu.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Kama sijui jibu, niache wazi?*
Marahaba. Usiache hata moja. Mitihani yote miwili haikati alama kwa jibu lisilo sahihi.

*Mwanangu anataka uhandisi. Sayansi ya ACT aifanye?*
Mzazi, soma ukurasa wa udahili wa kila chuo anachoomba. Kimoja kikiitaka, afanye. Haiingii kwenye wastani, kwa hiyo haitamshusha hapo.

*Kanuni za hesabu lazima nizikariri?*
SAT inakupa ukurasa wa kanuni za jiometria na kikokotoo cha Desmos humo humo kwenye skrini. ACT haikupi kanuni, hizo uende nazo kichwani. Jifunze Desmos mapema. Wapo wanaoifungua mara ya kwanza siku ya mtihani, na dakika zinaliwa wakitafuta vitufe.

*Je, nikifanya yote miwili rasmi?*
Unaweza, ila utagawa muda wa kujiandaa. Mimi ningechagua mmoja nikaurudia: vyuo vingi huchukua alama ya juu ya kila sehemu kutoka tarehe tofauti.