Tambi za Pakiti kwa Chakula cha Jioni: Mchuzi Kwanza, Tambi Mwisho

Katika maduka madogo ya Wandegeya, Kikoni, Bwaise na Kireka, mitaa ya Kampala na viunga vyake nchini Uganda, tambi za pakiti hukaa kwenye rafu ya mbele, na mpangaji wa chumba kimoja anayerudi jioni akiwa amechoka huzichukua kwa sababu bei yake anaimudu na hazimalizi makaa. Wengi huzichemsha kwa maji matupu, hunyunyizia unga wa viungo uliomo ndani ya pakiti, hula, na kabla ya kulala njaa huwa imekwisha kurudi. Nashauri tuzitazame kwa namna nyingine. Tambi kimsingi ni wanga, kama zilivyo posho (ugali) na matooke (ndizi za kupika), na kwa kuwa hakuna nyumba ya Uganda inayoridhika kuandaa posho bila mchuzi, tambi nazo zinastahili kupewa mchuzi wao. Mpishi anayeanza na mchuzi na kumalizia na tambi atapata chakula kamili, na fedha nyingi atakayotumia itakwenda kwenye mboga, karanga na samaki wa sokoni, ambavyo ndivyo vinavyolisha mwili.

Sababu ya kutanguliza mchuzi iko katika namna tambi hizi zinavyotengenezwa. Zilibuniwa nchini Japani mwaka 1958 na Momofuku Ando, na njia yake bado inatumiwa na viwanda vingi: tambi hupikwa kwa mvuke, kisha hukaangwa katika mafuta ya moto hadi karibu maji yote yatoke na kuacha vitundu vidogo sana ndani yake. Maji ya moto yanapozigusa huingia upesi katika vitundu hivyo, na ndiyo maana dakika mbili au tatu zinatosha. Mpishi ajifunze mambo mawili hapo. Kwanza, tambi zilizokaangwa zina mafuta yake tayari, hivyo mchuzi wake hauhitaji mafuta mengi. Pili, tambi hunywa chochote zinachotumbukizwa ndani yake. Zikitumbukizwa katika maji matupu zitakunywa maji matupu, na zikitumbukizwa katika mchuzi wenye ladha zitakunywa ladha hiyo.

Kabla ya kuwasha sigiri, amua utakachofanya na ule unga wa viungo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na pakiti moja ya tambi pamoja na viungo vyake mara nyingi hukaribia nusu ya kiwango hicho au huipita nusu hiyo. Tumia nusu ya unga huo, usiongeze chumvi nyingine sufuriani, na ladha inayopungua uifidie kwa tangawizi, kitunguu saumu, pilipili na ndimu. Ukiwa na mgonjwa wa shinikizo la damu nyumbani, unga huo uache kabisa.

Mapishi ninayoyapendekeza kuliko mengine yote ni tambi katika mchuzi wa karanga na mukene, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria ambao Watanzania huwaita dagaa na Wakenya omena. Kwa watu wawili, tafuta pakiti mbili za tambi, nusu kikombe cha karanga zilizosagwa, gao moja la mukene wakavu, nyanya mbili na kitunguu kimoja. Mukene walioanikwa chini huja na mchanga, kwa hiyo waloweke katika maji ya moto kwa dakika chache, wasugue taratibu kwa vidole, na uwasuuze mara mbili au tatu mpaka usione tena mchanga chini ya bakuli. Wakaange katika kijiko kimoja cha mafuta hadi wakauke na harufu yao kali itulie, kisha waweke pembeni. Katika sufuria hiyo hiyo kaanga kitunguu, ongeza nyanya na tangawizi, na nyanya zikishalainika na kuwa rojo mimina vikombe vitatu vya maji.

Hapa ndipo subira inapohitajika. Karanga zikorogee kwanza pembeni kwa maji ya baridi ili zisifanye mabonge, ndipo uzimimine sufuriani, na tangu hapo usiondoke jikoni, kwa maana mchuzi wa karanga hufura na kumwagika unapoanza kuchemka, na ukiachwa bila kukorogwa hushika chini na kuungua. Punguza moto kwa kufunga kijidirisha cha sigiri, uache utokote polepole kwa muda wa dakika ishirini, hadi harufu ya karanga mbichi iishe na mafuta yaanze kuonekana juu. Rudisha mukene. Mchuzi katika hatua hii uwe mwepesi kuliko ule unaouzoea juu ya matooke, na ukiuona mzito ongeza maji bila kusita, kwa sababu tambi zitaunywa. Sasa vunja tambi vipande vikubwa, zizamishe, funika, na baada ya dakika mbili epua. Zitaendelea kuiva zenyewe njiani kutoka jikoni hadi kwenye sahani.

Mukene huliwa mzima pamoja na mifupa yake, kwa hiyo wanampatia mlaji protini na kalisi ambazo tambi peke yake hazina za kutosha, na jambo hili lina uzito mkubwa kwa watoto. Asiyependa samaki anaweza kufuata njia ya watu wa Mbale na kuweka malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, ambayo yanafaa sana katika mchuzi wa karanga iwapo yamelowekwa usiku kucha na kuchemshwa hadi yalainike.

Kuhusu karanga nina neno moja la tahadhari, na naomba lisipuuzwe. Karanga zilizohifadhiwa mahali penye unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu, sumu inayodhuru ini, na sumu hiyo haiondolewi na moto wa jikoni hata mchuzi uchemke saa nzima. Nunua karanga nzima uweze kuzikagua, tupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ladha chungu, halafu uzipeleke kusagwa huku ukishuhudia. Karanga zilizokwisha kusagwa na kuachwa wazi juani huwezi kujua zilikuwaje kabla ya mashine.

Kwa jioni ambayo makaa ni machache, tengeneza roleksi ya tambi, yaani chapati iliyokunjwa pamoja na mayai ya kukaanga. Chemsha pakiti moja kwa dakika mbili, chuja maji yote, na uziache zipoe, maana tambi za moto zitayagandisha mayai kabla hayajafika kwenye kikaango. Zikate mara chache kwa kisu, uzichanganye na mayai matatu yaliyopigwa, kabeji iliyokatwa nyembamba, kitunguu na nyanya iliyotolewa maji. Mimina nusu ya mchanganyiko huo kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, na kabla mayai hayajakauka juu, laza chapati moja ili ishikane nayo, kama wafanyavyo wauzaji wa barabarani. Geuza, pasha upande wa chapati kwa nusu dakika, kunja. Mchanganyiko uliobaki unatosha roleksi ya pili.

Mboga za majani zina kanuni yake. Dodo (aina ya mchicha) na sukuma wiki huingia sufuriani pamoja na tambi au dakika moja kabla, zisije zikapoteza rangi, lakini nakati, mboga ya majani ya jamii ya nyanya chungu, hutaka dakika chache zaidi. Wale wanaonunua maharage yaliyokwisha kuchemshwa wanaweza kuyakaanga kwa kitunguu na nyanya, kuyaponda nusu yake kwa mwiko ili mchuzi uwe mzito, kisha kutia mboga na tambi. Chakula hiki hakina nyama wala samaki, na bado kinashibisha hadi asubuhi.

Watu wa kaskazini wana odii, siagi ya simsim na karanga, na kwa maoni yangu hakuna kitu kinachopatana na tambi upesi kuliko hiyo. Chukua vijiko viwili, vilegeze kwa maji ya moto uliyochemshia tambi, ongeza ndimu na pilipili, changanya, na ule.

Mwanafunzi wa hosteli asiyeruhusiwa kuwa na jiko naye asijione ametengwa. Maji yaliyochemka katika birika la umeme, yakimiminwa juu ya tambi zilizowekwa bakulini pamoja na karoti iliyokwaruzwa na nyanya iliyokatwa vipande vidogo, kisha bakuli likafunikwa kwa sahani dakika tano, huivisha vyote vya kutosha. Mwaga sehemu ya maji, ponda nusu ya ovakado juu yake, tia ndimu. Ovakado hulainisha chakula kizima na humwondolea mlaji haja ya kutumia unga wa viungo wote.

Mwisho, pika tambi za kutosha mlo mmoja tu, kwa sababu zikilala ndani ya mchuzi huvimba na kukatika. Mchuzi unaweza kupikwa mwingi zaidi na kubaki. Uache upoe, uuweke kwenye friji, na kesho yake uuongezee maji, uuchemshe hadi utokote vizuri, ndipo ufungue pakiti mpya. Usipokuwa na friji, mchuzi wa karanga usiulaze; umalize jioni hiyo hiyo.